BIA YA BURE SI MSHAHARA



Desemba ni mwezi wa karamu. Tangu sikukuu ya Jamhuri tarehe 12 mpaka Mwaka Mpya, hapana mahali pa kazi pasipo na habari zake. Kiwanda hiki kitachinja ng'ombe, kampuni ile itakodi hoteli, na kwingine wafanyakazi wenyewe watachanga fedha wanunue mbuzi wawili na kreti kadhaa za bia. Nyumbani nako wazee wanangoja, watoto wanangoja, na majirani wanangoja. Wenzetu Waislamu wana sikukuu zao za Idd katika miezi yao, na mengi tutakayosema hapa juu ya chakula na fedha yawahusu wao pia.

Twataka kusema wazi tangu mwanzo kwamba chama hakikuundwa ili kuhesabu chupa za wanachama wake. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima ana haki ya kukaa na watu wake, kula nyama, kucheza, na kunywa kinywaji akipendacho ikiwa dini yake na afya yake zamruhusu. Siku za mapumziko hazikuanguka kutoka mbinguni, wala matajiri hawakutupa kwa huruma. Siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi zenye malipo kila mwaka, zimeandikwa katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kwa sababu wafanyakazi walizidai kwa miaka mingi.

Kwa hiyo sikukuu ni sehemu ya malipo yetu. Yatupasa kuilinda kama tulindavyo mshahara. Tuile vizuri, wala tusikubali itumike kutunyang'anya kazi, fedha na afya. Hilo ndilo neno letu, na sababu zake ni hizi.

KARAMU YA KAMPUNI

Tuanze na karamu inayolipiwa na mwajiri. Mara nyingi mambo huenda hivi. Mwezi wa Novemba wafanyakazi wanauliza habari ya bonasi. Wanajibiwa kwamba mwaka ulikuwa mgumu, soko limeanguka, wavumilie. Mwezi wa Desemba wanaitwa kwenye karamu, nyama inachomwa, bia inamwagika mpaka usiku, na mkubwa anasimama na kuwaita wafanyakazi "jamaa moja". Mtu anarudi nyumbani akisema, "Mwaka huu kampuni imetufanyia jambo kubwa."

Tufanye hesabu. Tuseme mfanyakazi amekunywa chupa sita za bia, kila chupa Sh. 250/-. Hiyo ni Sh. 1,500/-. Tuseme amekula chakula cha Sh. 1,000/-. Jumla ni Sh. 2,500/-. Gawanya kwa miezi 12 na utapata kama Sh. 208/- kwa mwezi, yaani Sh. 8/- kwa siku ya kazi. Je, katika meza ya mapatano, ni tawi gani lingekubali nyongeza ya shilingi nane kwa siku na kusema limefanyiwa jambo kubwa?

Hatusemi kwamba kila mwajiri anayeandaa karamu ana nia mbaya. Wako wanaoifanya kwa moyo safi, na mwenye kutoa apewe shukrani. Twasema tu kwamba karamu ni karamu na mshahara ni mshahara. Mtu akila nyama ya kampuni leo, madai yake ya jana bado yako mezani.

Wafanyakazi wa nchi nyingi walilipa sana kabla ya kujifunza jambo hili. Katika bandari ya London, karne ya 19, makuli waliokuwa wakipakua makaa ya mawe waliandikwa kazi kwa mikono ya wenye baa, na asiyekunywa baa hiyo hakupata kazi. Ikabidi sheria ya mwaka 1843 iwatoe katika mikono hiyo, na mwaka 1883 sheria nyingine ya Uingereza ikakataza kulipa mishahara ndani ya baa. Katika mashamba ya mizabibu ya Cape, Afrika Kusini, wafanyakazi walipewa divai kuwa sehemu ya ujira wao. Mtindo huo uliitwa dop. Hata baada ya kukatazwa na sheria, uliendelea katika mashamba fulani mpaka miaka ya 1990, na mpaka leo sehemu hiyo ni miongoni mwa zile zenye watoto wengi zaidi duniani waliozaliwa na madhara ya pombe waliyoyapata tumboni mwa mama zao.

Hapa Nairobi, wakati wa ukoloni, halmashauri ya mji ilikuwa na jumba lake la kuwauzia Waafrika pombe huko Pumwani, na faida yake ikatumika kulipia huduma za Waafrika wenyewe. Yaani mtu akilipwa kidogo kwa mkono wa kulia, kidogo hicho kikarudi kwa mkono wa kushoto. Wenzetu wa Durban walipoliona jambo kama hilo kwao, chama chao cha ICU kiliwaongoza mwaka 1929 kususia majumba ya bia ya manispaa. Na mwaka 1949 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha Mkataba Na. 95 unaokataza kabisa kulipa ujira kwa pombe kali. Ni wazi basi kwamba habari ya pombe na ujira ni habari ya vyama vya wafanyakazi tangu zamani.

VIFUNGU VYA KUJUA KABLA YA KUSHIKA CHUPA

Karamu ikiisha, sheria haijaisha. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira kinataja makosa makubwa yanayoweza kumfanya mtu afutwe kazi papo hapo, na makosa matatu kati ya hayo hupenda kuzaliwa mwezi wa Desemba.

La kwanza ni kutofika kazini bila ruhusa wala sababu ya haki. La pili ni kulewa wakati wa kazi hata mtu akashindwa kufanya kazi yake sawasawa. La tatu ni kumtukana mwajiri au msimamizi aliyewekwa na mwajiri, au kumfanyia vitendo vya dharau.

Hilo la tatu litazamwe vizuri. Kwa ulevi, sheria imetaja wakati wa kazi. Kwa matusi, haikutaja hivyo. Mtu aliyevumilia maneno ya msimamizi tangu Januari, akaja kumjibu usiku wa karamu na chupa ya saba mkononi, ameyatoa malalamiko ya haki kwa njia ya kumpa adui yake silaha. Malalamiko yale yale, yakiandikwa na kuletwa na mjumbe wetu siku ya kazi, yangekuwa na nguvu.

Yafaa pia kila mwanachama ajue kifungu cha 41. Kabla ya kumfuta mtu kwa kosa la namna hiyo, mwajiri lazima amweleze kosa lake kwa lugha anayoifahamu na kumsikiliza, akiwepo mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama aliyemchagua mwenyewe. Asikubali mtu kutia sahihi karatasi yoyote asubuhi ya tarehe 2 Januari kabla ya kumwita mjumbe.

Jambo lingine la karamu ni heshima kwa wanawake wanaofanya kazi pamoja nasi. Kifungu cha 6 cha sheria hiyo hiyo kinakataza mwajiri, wakubwa wa kazi na wafanyakazi wenzi kumsumbua mtu kwa mambo ya mapenzi asiyoyataka. Pombe haiondoi kosa hilo. Msimamizi anayemshika mfanyakazi wa kike kwenye dansi kwa sababu anajua mkataba wake unakwisha Desemba, huyo ni mdhalimu tu. Na wanaume wa chama wanaoona jambo hilo wakacheka, wameacha kazi ya chama.

HESABU YA CHUPA NA SAA

Wengi wetu hudhani kwamba usingizi wa saa nne na kikombe cha kahawa vyatosha kuondoa pombe mwilini. Sivyo. Chupa moja ya bia ya mililita 500, yenye nguvu ya asilimia 4 au 5, ina kileo safi kiasi cha gramu 16 mpaka 20. Ini la mtu mzima huondoa kiasi cha gramu 7 mpaka 10 kwa saa. Basi chupa moja yataka kama saa mbili. Kahawa haiharakishi kazi ya ini, wala maji baridi, wala supu ya kichwa cha mbuzi. Humwamsha mtu macho, lakini damu yake inabaki ilivyo. Na wale wanaokunywa tena asubuhi "kutoa loki" wanaongeza deni juu ya deni.

Mtu aliyeanza saa moja jioni akanywa chupa sita, atakuwa safi karibu saa moja asubuhi. Aliyekunywa chupa kumi, hesabu yake yafika saa tisa alasiri ya siku ya pili. Wenye mwili mdogo, na wanawake wengi, huchukua muda mrefu zaidi. Sasa fikiri juu ya dereva wa lori anayetoka Mombasa saa kumi na mbili asubuhi, fundi wa stima anayepanda mlingoti, mwendeshaji wa winchi bandarini, mtu wa boila, mtu wa mashine ya kukata karatasi. Hakunywa kazini hata tone moja, na anaapa kwa haki kwamba hakunywa. Lakini amekuja kazini akiwa bado amelewa.

Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba ajali iliyotokana na utovu wa makusudi wa mfanyakazi mwenyewe haina fidia, isipokuwa amekufa au amelemazwa vibaya. Watu wa bima wanaijua sentensi hiyo kwa moyo. Mashine yaweza kuwa haina kinga, mwajiri aweza kuwa mkosaji wa kwanza, lakini harufu ya jana ikisikika, maneno yote yatageuzwa yawe juu ya harufu. Tusiwape watu hao njia rahisi.

Na wanaokwenda kwa miguu wasijione wamesalimika. Katika barabara za Kenya, wanaokufa wengi kuliko wote ni waendao kwa miguu. Mlevi anayevuka barabara kubwa saa sita ya usiku, na nguo nyeusi mwilini, haonekani na dereva mpaka dakika imekwisha kupita.

POMBE YA BEI NDOGO

Fedha zikipungua, watu hushuka kutoka baa mpaka kwenye kibanda. Hapo ndipo msiba ulipo. Mwezi wa Novemba 2000, katika mitaa ya maskini ya Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Mwezi wa Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika Embu, Kitui, Kiambu na kwingineko. Mwezi wa Februari 2024 ikawa zamu ya Kirinyaga. Sheria iliyopiga marufuku chang'aa iliondolewa mwaka 2010, lakini kuruhusiwa si kupimwa. Pombe isiyo na chupa iliyofungwa, isiyojulikana imetoka wapi, hakuna aliyeipima.

Methanoli ni kileo cha viwandani. Kwa macho na kwa ulimi haitambulikani na kileo cha kawaida. Sumu yake haianzi mara moja, kwa kuwa mwili huigeuza polepole, na dalili zaweza kuchelewa nusu siku hata siku nzima. Tumbo linauma, kichwa kinauma, mtu anahema kwa nguvu, na macho yanaona ukungu mweupe. Mwenzetu akilalamika hivyo baada ya kunywa, asiachwe "alale kidogo itapoa". Apelekwe hospitali upesi. Dawa ipo, na saa chache ndizo zinazotenganisha aliyepona na aliyepofuka au kufa. Aliyelewa sana hata asiamke, alazwe ubavu, asiachwe peke yake chali, maana matapishi humziba pumzi.

CHAKULA KWANZA

Twarudi mezani. Shauri letu ni jepesi: chakula kije kabla ya chupa. Tumbo lenye ugali, wali au chapati hupokea pombe polepole. Tumbo tupu huipeleka kwenye damu kwa haraka. Karamu inayofungua kreti saa saba na kuleta nyama saa kumi na moja imepangwa na mtu asiyewatakia heri wageni wake. Na katikati ya chupa na chupa, glasi ya maji.

Nyama iwe ya mnyama aliyekaguliwa, yenye muhuri wa mkaguzi. Mnyama aliyekufa mwenyewe asiliwe, hata akiwa mnono na bei yake ikiwa robo. Kimeta na magonjwa mengine hupita hapo. Kisu na ubao uliokatia nyama mbichi visikate nyama iliyoiva mpaka vioshwe kwa sabuni. Pilau iliyopikwa mchana isiachwe kwenye sufuria usiku kucha iliwe asubuhi. Katika wali uliokaa joto hukua vijidudu vinavyotoa sumu, na kuupasha moto tena hakuiondoi sumu hiyo. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kilichopikwa kisikae mahali pasipo baridi kwa zaidi ya saa mbili. Basi kipikwe cha kutosha watu, na kinachobaki kigawiwe mapema.

Wako kati yetu wenye ugonjwa wa sukari na wa presha, na wengi hawapendi kusema mbele ya watu. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, na kwenye sinia la nyama choma na kachumbari kijiko hicho huisha upesi. Chupa ndogo ya soda, ya mililita 300, ina sukari kama gramu 30, yaani vijiko saba vya chai. Kwa hiyo asiyekunywa bia asidhani soda tano ni dawa. Maji yawepo mezani, na chai isiyo na sukari iwepo.

Na hili likumbukwe sana: mwenye sukari anayetumia dawa, akinywa pombe bila kula, sukari yake ya damu yaweza kushuka ghafula. Atatetemeka, atatoka jasho, ataongea ovyo, ataanguka. Watu watacheka waseme amelewa, kumbe anakufa. Akiweza kumeza, apewe kitu chenye sukari mara moja. Asipoweza, asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Vilevile anayetumia dawa za kifua kikuu au vidonge vya Flagyl, sikukuu hii anywe maji. Na anayemeza Panadol nyingi asubuhi ili kuondoa kichwa cha pombe, anaongeza kazi ya ini lililochoka.

MFUKO WA JANUARI

Kampuni nyingi hulipa mshahara wa Desemba mapema, tuseme tarehe 20. Mkono hupokea kwa furaha. Lakini kutoka tarehe 20 Desemba mpaka tarehe 31 Januari ni siku 42. Mshahara wa Sh. 20,000/- ukigawanywa kwa siku 30 ni Sh. 666/- kwa siku. Ukigawanywa kwa siku 42 ni Sh. 476/-. Hapo hujanunua hata chupa moja. Mtu atasema kwamba mshahara wa Novemba ulikuwa wa siku 20 tu, kwa hiyo palibaki kitu. Ni kweli kwa hesabu, lakini ni wangapi kati yetu waliokiweka kando?

Shule hufunguliwa Januari. Karo, sare, madaftari na kodi ya nyumba vyote vyaja pamoja, ndiyo sababu vijana wameubatiza mwezi huo Njaanuari. Nauli za kwenda mashambani hupanda wakati wa sikukuu, na nauli za kurudi vivyo hivyo. Tumeona watu waliokwenda nyumbani wakiwa na mifuko mizito, wakashindwa kurudi kazini kwa siku inayotakiwa kwa kukosa nauli. Huko ndiko kutofika kazini bila sababu tulikokutaja. Wengine hukimbilia mikopo ya simu, wakaanza mwaka kwa kulipa riba ya nyama waliyokwisha kuila.

Twashauri mshahara ugawanywe mafungu matatu siku ile ile unapopokelewa, kabla ya kuondoka kwenye lango la kazi. Fungu la kwanza ni la Januari: kodi, karo, unga, na nauli ya kurudi. Fungu la pili ni la nyumbani: wazee, watoto, na chakula cha sikukuu. Fungu la tatu, lolote libakilo, ni la raha. Likiisha, raha imekwisha, na hapana kukopa katika mafungu mengine. Na mume na mke wakae pamoja kuyagawa, kwa sababu mara nyingi ni mama anayejua bei ya unga. Akiba haiozi.

Tukiwa tunasema habari za mama: wanachama wengi wa chama ni wanawake, na wanawake wengine ni wake zetu. Siku ya sikukuu wao huamka saa kumi alfajiri kukuna nazi, kuchagua mchele, kusukuma chapati mia. Ikiwa siku ya mapumziko ni haki ya mfanyakazi, basi ni haki yao pia. Wanaume wanajua kuchoma nyama. Wajue na kuosha sufuria.

WANAOSEMA CHAMA KISIINGILIE

Wako watakaosema, "Mambo ya kunywa ni ya mtu mwenyewe. Chama kitupe mshahara mzuri, kisitufundishe kula." Neno lao lina haki ndani yake. Ni kweli mshahara mdogo na kazi nzito huwasukuma watu kwenye chupa, na hatutaacha kulisema hilo mbele ya waajiri. Lakini katibu wa tawi haitwi wakati wa karamu. Huitwa karamu ikiisha, mwanachama anapoleta barua ya kufutwa kazi, akiwa amefanya kazi miaka kumi na miwili na ana watoto wanne. Wakati huo chama hutumia fedha na nguvu za wanachama wote kumtetea. Jambo linalotumia nguvu zetu sote ni halali yetu kulizungumza mapema.

Wengine watasema, "Asiyekunywa anajitenga na wenzake." Hapana. Katika chama kimoja wamo Waislamu, wamo Wakristo waliookoka, wamo wanaonywa, wamo walioacha kwa shida kubwa. Kumshurutisha aliyeacha aonje "moja tu" ni kumvunja mtu aliyejijenga kwa taabu. Umoja wetu hauko ndani ya glasi.

TUNAYOTAKA MATAWI YAFANYE

Kwa hiyo twayaomba matawi na wajumbe wetu wachukue hatua hizi wanapoketi na waajiri kupanga karamu:

1. Karamu ifanywe mchana, na chakula kitangulie vinywaji.

2. Vinywaji visivyo na pombe, na maji safi, viwepo kwa wingi ule ule. Nyama ichinjwe kwa njia ambayo Waislamu nao wataweza kula.

3. Magari ya kuwarudisha watu makwao yawepo, na yaendeshwe na madereva wasiokunywa siku hiyo.

4. Karamu isiwekwe usiku wa kuamkia kazi. Zamu zipangwe ili wenye mashine za hatari wapate siku moja katikati. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi sheria yataka kamati ya usalama. Jambo hili lipelekwe huko.

5. Bonasi ya mwisho wa mwaka idaiwe katika mapatano na iandikwe, isiachwe iwe zawadi ya kutegemea furaha ya mkubwa. Mwajiri akiuliza wafanyakazi wanapenda bia au fedha, jibu litoke kwenye mkutano wa tawi.

6. Mfanyakazi mwenye shida ya pombe atendewe kama mgonjwa. Mwongozo wa ILO wa mwaka 1996 wasema shida hiyo ihesabiwe kuwa ni ya afya, kama shida nyingine za afya. Apewe nafasi ya matibabu kabla ya kutajiwa kufutwa. NACADA wana simu ya bure, namba 1192, na mjumbe aweza kumsaidia mtu kupiga bila kumtangaza.

Na kila mwanachama ajiulize swali moja anapopanga sikukuu yake: asubuhi ya kwanza ya kazi, nitakuwa wapi na katika hali gani? Ikiwa utakuwa langoni kwa saa yako, macho yako mawili yanaona, karo ya mtoto imelipwa, na madai ya chama bado yako mkononi mwako, basi sikukuu yako ilikuwa njema, hata kama nyama ilikuwa robo kilo. Madai yale tutayarudia Januari, na twawataka wote mezani wakiwa na kichwa kizuri.

Twawatakia nyote, pamoja na jamaa zenu, Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya.

UMOJA NI NGUVU.